Kadhi Aliyekuwa Nahodha

Katikati ya miaka ya 1880, wakati mwambao wote kutoka Kilwa Kivinje kupita Mchinga na Lindi hadi Mikindani ulipokuwa ungali chini ya bendera nyekundu ya Sayyid Barghash bin Said, kijana mmoja wa umri wa miaka 25 hivi, ambaye ilimu yake ilikuwa imekwisha kumketisha katika kiti cha ukadhi wa Unguja mbele ya wazee waliomzidi umri maradufu, alikiacha kiti hicho, akaupa kisogo mji uliokuwa tajiri kuliko miji yote ya pwani yetu, akasafiri mpaka Istanbul bila ya kujua kama atarejea. Jina lake lilikuwa Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt. Hakuiba mali ya yatima, hakupokea rushwa, wala hakushindwa na kazi. Walihitilafiana na mfalme wake juu ya uhuru wa kadhi, na alipoona kwamba mfalme hatabadilika, naye hawezi kuibadilisha dhamiri yake ili ilingane na rai ya mfalme, aliondoka.

Habari hii naiandika nikiwa Mchinga, na sidhani kwamba ni mahali pabaya pa kuiandikia. Ghuba yetu ni ndogo ikilinganishwa na ya Kilwa au ya Lindi, na katika vitabu vya tarikhi jina la Mchinga hupita kama chombo kinachoonekana kwa mbali kisha kikapotea nyuma ya rasi. Lakini watu wa hapa, kama wenzao wa Kiswere na Sudi, waliishi kwa pepo zile zile za kusi na kaskazi zilizombeba Sayyid Ahmad tangu utotoni mwake, na mirathi yao, ndoa zao na wakfu zao zilihukumiwa kwa madhehebu yale yale ya Imamu Shafi aliyoyasomesha yeye. Fauka ya hayo, iko sehemu moja ya maisha yake ambayo mtu wa bara huenda akaipita upesi, ilhali mtu wa pwani hawezi kuipita asisimame. Sayyid Ahmad, kabla ya kuwa kadhi, alikuwa nahodha.

Alizaliwa Itsandraa, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka 1861. Baba yake, Sayyid Abu Bakr bin Abdallah bin Sumayt, alikuwa mtu wa Shibam ya Hadramaut, mwanachuoni na mfanyabiashara kwa pamoja, kama walivyokuwa Masharifu wengi wa zamani zile, ambao kwao chuo na chombo havikuwa mambo mawili yanayogombana. Mtoto alisoma Kurani na fikihi mbele ya baba yake, kisha akafundishwa bahari: kuzijua nyota, kuisoma dira, kuupima upepo, kulijua fungu na mlango wa bandari, na kushika hesabu ya shehena na ya watu. Baba alifariki mwana akiwa na miaka 13 hivi. Kijana akaendelea na bahari, akawa nahodha akisafiri baina ya visiwa na mwambao kwa biashara. Tafadhali msomaji asilichukue jambo hili kama pambo la hadithi. Nahodha katika jahazi ni hakimu pia, kwa sababu ugomvi wa mabaharia ukitokea siku ya tatu ya safari hakuna liwali wa kupelekewa. Huamuliwa papo hapo na mtu mmoja, naye asipoamua kwa haki chombo hakifiki. Kijana aliyezoea kuwahukumu watu wazima akiwa baina ya mbingu na maji hakosi kujifunza kitu ambacho hakimo katika vitabu vya fikihi, hata kama vitabu hivyo amevihifadhi vyote.

Vitabu navyo hakuviacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikwenda Hadramaut, nchi ya wazee wake, akasoma kwa mashekhe wakubwa wa tarika ya Alawiya, akiwamo Sayyid Idarus bin Umar al-Habshi, ambaye ijaza yake ilikuwa ikitafutwa na wanafunzi kutoka kila pembe ya Bahari ya Hindi. Aliporudi, sifa zake zilikuwa zimemtangulia Unguja, na Sayyid Barghash, ambaye hakuwa mtu wa kukosa kuiona johari ilipokuwa mbele yake, akamfanya kadhi wa Kisunni akiwa angali kijana kabisa.

Ni lazima nimtendee haki Sayyid Barghash, maana mtu anayesimulia habari za aliyedhulumiwa huvutwa sana kumpaka masizi aliyedhulumu mpaka sura yake isitambulikane. Barghash alitawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, na katika watawala wa nyumba ya Busaidi hapana aliyeupenda mji wa Unguja kwa matendo kuliko yeye. Aliuletea mji maji safi ya mifereji, akajenga Beit al-Ajaib, akaleta matbaa iliyochapa vitabu vikubwa vya madhehebu ya Ibadhi ambavyo hapo kabla vilikuwa vikinakiliwa kwa mkono. Mtu anayechapisha vitabu hawezi kuitwa adui wa ilimu. Tena yeye mwenyewe alikuwa ameonja uchungu wa kufukuzwa, kwani mwaka 1859, baada ya kushindwa katika fitina yake na nduguye Sayyid Majid, alihamishwa akapelekwa Bombay. Lakini aliyekwisha kuonja kifungo si lazima awe mwepesi wa kuwafungulia wengine. Pengine huwa mwepesi zaidi wa kuwaogopa.

Ukadhi wa wakati ule haukuwa na ukuta wa kuukinga. Kadhi aliwekwa na mfalme, alilipwa na mfalme, na mtu asiyeridhika na hukumu aliweza kwenda barazani kwa mfalme akalalamika, mfalme akaivunja. Walikuwako makadhi wa Kisunni na makadhi wa Kiibadhi, kila mdai akihukumiwa kwa madhehebu yake, na utaratibu huo, ukitazamwa kutoka mbali, ulikuwa na uadilifu wa kusifiwa katika mji wa makabila mengi. Lakini Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye mwaka 1972 alitukusanyia habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika katika kitabu kisichotosheka kwa shukrani, anatuonyesha namna Barghash alivyokuwa mzito wa kuvumilia mwanachuoni asiyekubaliana naye. Sheikh Ali bin Khamis al-Barwani, kijana wa ukoo ambao watu wa Lindi hawahitaji kuambiwa ni nani, aliyeacha madhehebu ya Ibadhi ya wazee wake akaingia katika Usunni, alitiwa kifungoni kwa sababu hiyo. Naye alifariki mwaka 1885 akiwa na miaka 33 tu. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mwenye ulimi mkali na hoja kali zaidi, alifungwa mwaka 1887 kwa mafundisho yake dhidi ya Uibadhi, na mlango wa gereza haukumfungukia mpaka Barghash mwenyewe alipokuwa amekufa.

Hao wawili waliingia gerezani kwa ajili ya itikadi. Kisa cha Sayyid Ahmad ni cha namna nyingine, na kwa maoni yangu ni kigumu zaidi kukieleza, kwa sababu yeye hakuwa akipigana na madhehebu ya mfalme. Alikuwa mtumishi wake. Kula yake ilitoka katika hazina ya dola, na cheo chake kilikuwa ni mkono wa dola. Aliyofungwa nayo Mazrui yalikuwa maneno ya mtu aliye nje ya nyumba. Aliyoyakataa Ibn Sumayt yalikuwa matakwa ya mwenye nyumba kwa mtu aliye ndani. Mfalme alitaka makadhi wake wafuate rai yake. Kadhi huyu aliona kwamba hukumu ikikwisha kupimwa kwa sharia haina tena ruhusa ya kupimwa kwa uso wa mfalme. Wakihitilafiana watu wawili katika jambo kama hilo, mmoja akiwa na askari na mwingine akiwa na kalamu, njia huwa ni mbili tu, na Sayyid Ahmad akaichagua ile ya bahari.

Wakati wenyewe nao ulikuwa mbaya. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alikuwa amepita bara akikusanya karatasi zenye alama za machifu, na Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri ya Unguja, mizinga yake ikielekea mjini, hata Barghash akalazimika kukubali yale ambayo moyo wake uliyakataa. Mwaka 1886 Wazungu walikaa mezani wakampimia ukanda wa maili kumi kwenda bara, na Mchinga yetu ikawa ndani ya ukanda huo kama ushanga katika uzi ambao ncha zake zote mbili zimeshikwa na wengine. Mimi naona kwamba mfalme aliyekuwa akipokonywa nchi yake kipande kwa kipande, na asiyeweza kumkatalia balozi wa Uingereza wala jemadari wa Kijerumani, alihitaji sana kuwapo watu ambao bado hawawezi kumkatalia. Na kilichomwuma mfalme kwa Sayyid Ahmad huenda kilikuwa hiki, kwamba hata katika baraza yake mwenyewe, katika jambo la wadai wawili wa mirathi, alimkuta mtu asiyesema ndiyo.

Lakini ni nini kilichompa kijana yule nguvu ya kuondoka? Wapo watakaojibu kwamba ni taqwa yake, nami siwabishii. Juu ya taqwa, hata hivyo, ninaongeza bahari. Mtu ambaye mikono yake inajua kazi nyingine isipokuwa ile anayolipwa na mtawala, mtu anayeweza kushuka bandarini asubuhi akapewa usukani kabla ya adhuhuri, huyo mtawala hana kamba ya kumfunga nayo shingoni. Sayyid Ahmad aliuvaa ukadhi kama vazi, akiwa na nguo nyingine ndani. Wangapi katika wasomi wetu wa leo, wa dini na wa dunia, wanaweza kusema hivyo? Tumewalea vijana wetu wajue kazi moja, nayo ni ya mshahara, kisha tunastaajabu kuwaona wakinyamaza.

Sisemi haya kwa kubuni. Katika vitabu alivyovitunga Sayyid Ahmad, kimoja kilichomfikisha mbali kabisa ni al-Ibtihaj, ambacho kinafafanua istilahi za al-Minhaj ya Imamu an-Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika kila darsa ya fikihi ya Kishafi kutoka Lamu hadi Ngazija. Na Nawawi huyo ndiye ambaye wapokezi wanasimulia kwamba Sultan Baybars wa Misri na Sham alimtaka atie mkono katika fatwa ya kuchukua mali za raia kwa ajili ya vita vya Watatari, akakataa, akimwambia kwamba kwanza aondoe dhahabu waliyovikwa mamluki na wajakazi wake, ndipo aje kwa maskini. Baybars alighadhibika akaamuru Nawawi akatiwe mishahara na avuliwe vyeo. Akaambiwa kwamba mtu huyo hana mshahara anaoupokea. Nawawi alitoka Dameski akarudi kijijini kwao Nawa, na huko akafa mwaka 1277. Karne nyingi kabla yake Imamu Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nguo na hakuhitaji fedha ya mtu, aliukataa ukadhi wa Khalifa al-Mansur na kwa ajili hiyo akatiwa gerezani Baghdad. Mwenye kufafanua maneno ya Nawawi neno kwa neno, kama alivyofanya Ibn Sumayt, hawezi kuwa hakuyajua maisha yake.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kama ningeacha ifahamike kwamba waliobaki walikuwa dhaifu. Sheikh Abdul Aziz bin Abdul Ghany al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, ambaye akiwa angali kijana Sayyid Said, baba yake Barghash, alimpeleka huku kwetu kuwa kadhi wa Kilwa, na baadaye akawa kadhi wa Unguja, alikaa miaka mingi karibu na Barghash, akamshauri na kumtumikia hata katika safari za mbali za pande za Ruvuma. Amawy aliandika katika sharia, nahau, tasawufi na tarikhi, akaanza kamusi ya Kiswahili na Kiarabu, na akajadiliana na wamisionari wa Kikristo kwa hoja, bila ya matusi. Kubaki kwake kulikuwa na faida ambayo Kilwa na Unguja zote mbili ziliiona. Siku zote watahitajika wanavyuoni wa namna zote mbili: mmoja wa kuizuia baraza isipotoke kabisa, na mwingine wa kuonyesha kwamba mlango wake una njia ya kutokea. Ila wa kwanza hawezi kuheshimiwa na mtawala kwa muda mrefu kama hapana wa pili, hilo nalishikilia.

Istanbul ilimpokea vizuri. Huko alikaa na Sayyid Fadl bin Alawi, Sharifu wa Kihadrami mzaliwa wa Malabar, ambaye Waingereza walikuwa wamemhamisha kutoka India mwaka 1852, na ambaye kwa miaka michache aliitawala Dhofar kabla ya kung'olewa huko pia, akaishia kuwa mgeni wa Sultan Abdulhamid wa Pili. Fikiri, msomaji, mazungumzo ya watu wawili hao jioni, mzee aliyepoteza nchi mbili na kijana aliyepoteza kiti kimoja, katika mji uliojaa wakimbizi wa dini na siasa kutoka kila upande wa ulimwengu wa Kiislamu. Sayyid Ahmad alisoma kwake, akatunukiwa nishani ya dola ya Uthmaniya, kisha akapita Misri, akawaona wanavyuoni wa al-Azhar wakati ambapo mawazo ya kutengeneza upya elimu ya dini yalikuwa yakianza kuchemka, akaenda Makka. Aliyemkimbia mfalme mmoja wa kisiwa alirudi akiwa amejuana na nusu ya dunia ya Kiislamu. Barua zake na Muhammad Abduh wa Misri ni matunda ya miaka ile. Kama angalikaa kitini pake kwa utii, pengine tungalikuwa na kadhi mwema ambaye hajulikani nje ya mitaa ya Malindi na Shangani.

Barghash alifariki Machi 1888, na nduguye Khalifa bin Said akashika ufalme. Mazrui akafunguliwa. Sayyid Ahmad akarudi, akapewa tena ukadhi wake. Mwambao aliourudia ulikuwa unawaka moto: Agosti mwaka ule Kampuni ya Kijerumani ilitaka kupandisha bendera yake katika bandari ilizokodishwa na Sultan, na kuanzia Pangani hadi Lindi watu wakainuka, Kilwa Wajerumani wawili wa kampuni waliuawa, na pwani ya kusini haikurudishwa mikononi mwa Wajerumani mpaka Mei 1890. Mwaka huo huo Sultan aliuza haki zake za pwani kwa marki milioni 4, na Unguja yenyewe ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Kwa hiyo kadhi aliyekuwa amekataa kuinama kwa Barghash aliishi kutumikia katika dola ambayo mtawala wake naye alikuwa chini ya amri za wengine, na akaona mamlaka ya makadhi yakipunguzwa taratibu na sheria za Kiingereza. Alifanya kazi hiyo kwa miaka 37 hivi. Waingereza walimwomba shauri katika mambo ya wakfu na ya sharia, naye aliwapa lile alilolijua. Usiku na asubuhi alisomesha.

Mwenzake wa maisha katika kusomesha alikuwa Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefungua madrasa yake Ukutani, Unguja. Wanafunzi wa wawili hao walisambaa pwani nzima na visiwani, na kwa silsila zao fikihi iliyosomeshwa katika misikiti ya Kilwa na Lindi iliendelea kuunganika na Unguja hata baada ya mpaka wa Wajerumani kuwekwa katikati. Bakathir alifariki mwaka 1925. Sayyid Ahmad alimfuata mwaka huo huo, tarehe 7 Mei, akazikwa Unguja karibu na Msikiti wa Ijumaa wa Malindi.

Huku kusini, mtawala mpya aliyekuja baada ya Sultan aliwaogopa walimu wa dini vile vile, ingawa kwa sababu nyingine. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, ikiwaonya Waislamu kuwa kiyama ki karibu, ilienea Lindi na vijiji vya jirani. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijakauka damu, na serikali ya Kijerumani, ikihofia kwamba toba inayohubiriwa misikitini ni vita vinavyovaa kanzu, iliwafuatilia na kuwahoji walimu waliosoma barua hiyo mbele ya watu. Mwalimu wa kijiji kama Mchinga hakuwa na Istanbul ya kukimbilia. Alikuwa na shamba lake la mihogo, minazi michache, pengine ngalawa. Na kwa kuwa serikali haikumlipa kitu, haikuwa na cha kumnyima isipokuwa uhuru wa mwili wake. Wengi wao waliendelea kusomesha.

Sayyid Umar bin Ahmad, mtoto wa kadhi wetu, alizaliwa mwaka 1886, katika miaka ile ile ya kuhama kwa baba yake. Naye alisoma, akasafiri Hadramaut, akafanya biashara kabla ya kushika kazi ya sharia, na akapanda hadi kuwa Kadhi Mkuu wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 aliondoka Unguja, naye alifariki Ngazija mwaka 1976, akiwa na miaka 90.